Mbegu Ikipigwa Mionzi, Mboga Inapata Nini?

Chukua mbegu moja ya nyanya, iloweke usiku kucha, asubuhi ipasue kwa wembe. Chini ya ganda lenye manyoya laini utaona kitu cheupe kilichojikunja kama mkia wa kinyonga. Hicho ndicho kiinitete. Upande mmoja kuna kimzizi, upande wa pili majani mawili ya mbegu yamelaliana, na katikati yao, mahali ambapo jicho halipaoni bila hadubini, kuna kikundi kidogo cha seli. Shina lote, majani yote, maua na kila tunda litakaloning'inia miezi mitatu baadaye vitatoka katika seli hizo chache.

Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo kuhusu mbegu zilizopigwa mionzi huanzia mahali pasipo pake. Mmoja anauliza kama mionzi imeingia kwenye mboga. Mwingine anatangaza kwamba mboga hizo zina vitamini nyingi kuliko za kawaida. Wote wawili wanasahau kwamba siku mbegu ilipopigwa mionzi, mboga haikuwapo. Hapakuwa na jani, wala tunda, wala vitamini C ya jani hilo. Kilichokuwapo ni kile kiinitete kilichojikunja. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: jambo lililotokea kwa dakika chache ndani ya mbegu kavu linawezaje kubadili kiasi cha vitamini, protini au madini katika jani lililokuja kuota na kukomaa wiki kadhaa baadaye?

Swali hili lina majibu zaidi ya moja, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuyachanganya.

Kinachopita ndani ya mbegu

Mionzi inayotumika zaidi ni miale ya gamma itokayo kwenye kobalti-60, ambayo nusu ya nguvu yake huisha kila baada ya miaka 5.27. Mashine za eksirei na za miale ya elektroni zinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Dozi hupimwa kwa gray: gray 1 ni joule 1 ya nishati iliyofyonzwa na kilo 1 ya kitu. Ni kiasi kidogo mno ukikitazama kama joto. Gray 100 zikifyonzwa na maji, joto la maji hayo hupanda kwa takriban sehemu mbili za mia za digrii moja ya selsiasi. Hakuna mkono utakaohisi tofauti hiyo. Lakini gray 4 au 5 zikimpata binadamu mwili mzima kwa mara moja, asipotibiwa, uwezekano wa kufa ni karibu nusu kwa nusu. Nguvu ya mionzi haiko kwenye joto. Iko kwenye uwezo wake wa kugonga molekuli mojamoja na kung'oa elektroni zake.

Je, mbegu yenyewe huanza kutoa mionzi? Hapana. Miale ya kobalti-60 ina nishati ya MeV 1.17 na 1.33 (MeV ni kipimo cha nishati ya miale), na nishati hiyo haitoshi kugeuza viini vya atomi za kaboni, oksijeni au naitrojeni kuwa vya mionzi. Miale hupita, huacha michubuko yake, basi. Taa ikizimwa, nuru haibaki ukutani. Nutroni, yaani chembe zitokazo kwenye viini vya atomi, ambazo nazo hutumiwa na baadhi ya maabara, ni habari nyingine: hizo zinaweza kuacha mionzi kidogo ndani ya mbegu, na ndiyo maana mbegu za namna hiyo hupimwa kwanza kabla ya kushikwa. Lakini hata hapo, mche ukishakua na kuongezeka uzito maelfu ya mara kwa hewa, maji na udongo, kilichotoka kwenye mbegu ni chembe isiyo na hesabu.

Neno moja, kazi tatu

Mtu akikwambia kwamba mbegu fulani imepigwa mionzi, bado hajakwambia kitu. Ni sawa na kusema mgonjwa amepewa dawa. Dawa gani, kiasi gani, kwa ugonjwa upi?

Kazi ya kwanza ni kuua vijidudu. Machipukizi yanayoliwa mabichi, kama ya alfalfa na maharage, yamewahi kusababisha milipuko ya magonjwa ya tumbo kwa sababu bakteria hujificha kwenye mikunjo ya ganda la mbegu. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mbegu za machipukizi zipigwe mionzi hadi gray 8,000. Hiyo ni dozi kubwa sana kwa kitu kinachotakiwa kuota.

Kazi ya pili iko upande wa pili kabisa: dozi ndogo, kuanzia gray chache hadi makumi machache, kwa matumaini ya kuichangamsha mbegu iote haraka, ikue kwa nguvu, na labda izae mboga yenye virutubisho zaidi. Hapa ndipo penye madai mengi.

Kazi ya tatu ni kuvunjavunja vinasaba makusudi ili kupata aina mpya ya mmea. Dozi yake hukaa katikati, mara nyingi gray mia moja hadi mia kadhaa, kutegemea zao. Maharage huumia mapema. Nyanya hustahimili zaidi. Kabichi na figili huweza kuvumilia hata gray elfu moja. Tofauti hizi ziliwashangaza watu mpaka Arnold Sparrow na wenzake, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, walipoonyesha kwamba mimea yenye viini vikubwa vya seli na kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) kubwa huumia kwa dozi ndogo kuliko yenye kromosomu ndogo. Kilengwa kikiwa kikubwa, hupigwa mara nyingi zaidi.

Nieleze jambo moja linalopotosha watu wengi katika dozi. Mtu hupiga mbegu mionzi, huzipanda, huona zimeota zote, kisha husema dozi haikuwa na madhara. Katika miaka ya 1960, watafiti wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani walipiga mbegu za ngano kwa maelfu ya gray. Mbegu ziliota. Miche midogo ya kijani ilichomoza, ikasimama, ikaishi kwa muda, na ndani yake hakuna hata seli moja iliyogawanyika. Seli zilizokuwamo tangu kwenye mbegu zilijaza maji na kurefuka tu, kisha mche ukakoma. Kwa hiyo kuota peke yake hakusemi mengi. Subiri majani ya kweli ya kwanza: yakitoka yamekunjamana, yana mabaka meupe au upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, hapo unasoma kilichotokea kwenye kile kikundi kidogo cha seli.

Maji ndani ya mbegu

Sehemu kubwa ya uharibifu haitokani na miale kugonga kinasaba moja kwa moja. Hutokana na maji. Miale ikiivunja molekuli ya maji huzaa radikali huru na peroksidi ya haidrojeni, vitu vikali visivyotulia mpaka vimepata cha kushika: mafuta ya utando wa seli, protini, au kinasaba chenyewe. Mbegu iliyohifadhiwa vizuri ina maji kidogo, ndiyo maana huvumilia dozi ambazo zingeua mche uliokwisha kuota mara moja. Lakini si kwamba kadiri inavyokuwa kavu ndivyo inavyokuwa salama. Katika mbegu iliyokauka kupita kiasi, radikali hunaswa kama nzi kwenye utandabui na kubaki zikingoja. Mbegu inapolowekwa na oksijeni kuingia, uharibifu huzuka upya. Ndiyo maana maabara makini huweka mbegu kwanza kwenye unyevu wa asilimia 12 hadi 14 kabla ya kuzipiga, na hupanda mapema badala ya kuziweka ghalani.

Naomba msomaji akumbuke unyevu huu. Utafiti usiotaja mbegu zilikuwa na maji kiasi gani haurudiliki, hata uwe na jedwali zuri namna gani.

Seli haikai tu ikisubiri kupigwa. Ikihisi radikali huru zimeongezeka, huamsha walinzi wake: vimeng'enya kama katalasi na peroksidesi, vitamini C yenyewe, na jamii ya fenoli na flavonoidi. Hivi vyote huzima radikali. Na hapa ndipo wazo la lishe linapoingia, kwa sababu baadhi ya walinzi hawa wa mmea ni vitu tunavyovitafuta kwenye sahani. Mmea haujui lishe yetu. Unajikinga, nasi tunakula kinga yake. Hoja inayofuata ni nyepesi kuielewa: ishtue mbegu kidogo, mmea utakuwa na kinga nyingi, nawe utapata antioksidanti, yaani vizima-radikali, nyingi.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina pengo kubwa katikati. Mshtuko ulitokea kwenye kiinitete. Vimeng'enya vilivyoamshwa siku ya kwanza haviishi wiki sita. Jani la mchicha unalolichuma limejengwa na seli zilizozaliwa baadaye, ambazo hazikuuona mshtuko huo kabisa. Ili athari ifike kwenye jani hilo, lazima ipite njia mojawapo kati ya chache: kinasaba kiwe kimebadilika na kurithiwa na seli zote zilizotokana na ile iliyopigwa; au alama za kikemia zinazoamua ni jeni zipi zisomwe ziwe zimehamishwa; au mwendo wa ukuaji wa mmea mzima uwe umebadilika, uchelewe, uwahi, udumae au ustawi.

Njia hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya matokeo tunayoyaona kwa mimea ya kizazi cha kwanza.

Hesabu ya jani

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba rahisi. Mche wa mchicha uliotokana na mbegu ya kawaida una gramu 200. Kila gramu 100 za majani yake zina miligramu 30 za vitamini C. Mche uliotokana na mbegu iliyopigwa mionzi una miligramu 40 kwa gramu 100. Ongezeko la theluthi nzima! Hiyo namba itaingia kwenye muhtasari wa utafiti, na kutoka hapo itaruka kwenye vichwa vya habari.

Sasa weka mche wa pili kwenye mizani. Una gramu 120, kwa sababu umedumaa. Gramu 200 za mche wa kwanza zina jumla ya miligramu 60 za vitamini C. Gramu 120 za mche wa pili zina miligramu 48. Mche ulioonekana kuongezewa vitamini umetoa vitamini pungufu kwa asilimia 20.

Twende hatua moja zaidi. Kausha majani yote mawili. La kwanza lilikuwa na maji asilimia 90, kwa hiyo gramu 100 zimebaki gramu 10 kavu. La pili, dogo na gumu, lilikuwa na maji asilimia 87, zimebaki gramu 13. Gawanya: miligramu 30 kwa gramu 10 ni miligramu 3 kwa kila gramu kavu, miligramu 40 kwa gramu 13 ni 3.08. Karibu ongezeko lote limeyeyuka. Mmea haukutengeneza vitamini zaidi. Ulibeba maji pungufu.

Namba ni zangu, ila jambo lenyewe si la kubuni. Mbegu za alfalfa zilipopigwa dozi kubwa za kuua bakteria, machipukizi yake yalionekana kuwa na vitamini C na nguvu ya antioksidanti zaidi kwa kila gramu mbichi, lakini yalikuwa mafupi na mepesi, na kiasi cha machipukizi kilichopatikana kutoka kwenye mbegu zilezile kilipungua. Ni ukweli mmoja unaosomeka kwa namna mbili, kutegemea unagawanya kwa nini.

Sisemi kwamba kukolea hakuna faida. Mlaji hali tuta zima, anakula sahani, na kama sahani yake ina gramu 100 za jani lililokolea, amepata zaidi. Lakini kukolea hakuchagui. Kinachokoleza vitamini C hukoleza pia vitu visivyotakiwa kuzidi kama oksalati, na jani lililodumaa huku mizizi ikiendelea kuvuta naitrojeni linaweza kubaki na nitrati nyingi. Anayepima kitu kimoja tu na kukisifu amefungua dirisha moja la nyumba yenye vyumba vingi.

Umri nao hudanganya. Tuseme mbegu zilizopigwa mionzi zilichelewa kuota kwa wiki moja. Mtafiti anavuna matuta yote mawili siku ileile, kwa uaminifu kabisa, akidhani amelinganisha mionzi na kutopigwa mionzi. Kumbe amelinganisha jani changa na jani lililokomaa, na virutubisho vya jani hubadilika kwa umri hata bila mionzi yoyote. Ukiwahi kuona mazao yaliyovunwa kwa hatua ya ukuaji badala ya tarehe, ujue aliyevuna aliifikiria kazi yake.

Kuna na tunda. Mimea mingi ya kizazi cha kwanza huwa na chavua mbovu, hivyo hufunga matunda machache. Nyanya yenye matunda machache huyalisha kila moja kwa sukari nyingi zaidi, kama mama mwenye watoto wawili badala ya kumi. Pima utamu wa tunda moja, utasema mionzi imeongeza sukari. Hesabu matunda kwenye mche, utaona ilikotoka.

Madini hayatengenezwi

Hapa nitapita haraka, maana jambo halina utata. Chuma, zinki, kalsiamu na magnesiamu ni elementi. Mmea hauwezi kuzitengeneza, na miale ya gamma haiwezi kuzizaa ndani ya mbegu. Zinatoka kwenye udongo au mbolea, zinapitia mzizi. Kwa hiyo ukisoma kwamba mbegu zilizopigwa mionzi zilitoa mboga yenye chuma zaidi, maelezo ni mawili tu: ama mizizi ilivuta zaidi, ama mmea ulikua kidogo na kiasi kilekile kikabaki kimekusanyika kwenye jani dogo. Jozi ya namba, uzito wa jani na uzito wa mmea, humaliza ubishi.

Vitamini C, karotini, fenoli na protini ni tofauti. Hivi mmea hujitengenezea wenyewe, na hapo kuna nafasi ya mabadiliko ya kweli.

Malori ya Kisovieti

Wazo la kuichangamsha mbegu kwa dozi ndogo lilifika mbali kuliko wengi wanavyodhani. Muungano wa Kisovieti ulitengeneza mashine za gamma zilizopakiwa juu ya malori, zikiitwa Kolos, yaani suke, zikiwa na sesiamu-137 ndani. Lori lilikwenda shambani wakati wa kupanda, mbegu zikapitishwa kwenye mionzi, zikapandwa. Zilitolewa taarifa za mavuno kuongezeka, zikiwemo za mboga. Baada ya muungano kuvunjika mwaka 1991, baadhi ya vyanzo vya mionzi vya mashine hizo vilikutwa vimetelekezwa, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likalazimika kusaidia nchi kama Georgia na Moldova kuvikusanya. Sesiamu-137 huchukua takriban miaka 30 kupungua nusu, hivyo si kitu cha kuachwa kwenye banda.

Msingi wa kinadharia ulikuwapo. Mwaka 1943 watafiti Southam na Ehrlich, walipokuwa wakichunguza kimiminika kilichokamuliwa kutoka kwenye mti wa mwerezi dhidi ya kuvu, waliona kwamba kiasi kikubwa kiliwazuia kukua lakini kiasi kidogo sana kiliwastawisha. Waliliita jambo hilo homesisi. Baadaye neno hilo likahamia kwenye mionzi. Kwa shayiri, dozi za karibu gray 20 kwenye mbegu zimeonyesha miche inayokua haraka zaidi katika majaribio ya maabara, na wanaolifanyia kazi jambo hili si watu wa porojo.

Tatizo ni kurudia. Dirisha la faida ni jembamba: gray chache pungufu hakuna kitu, gray chache zaidi mche unadumaa. Dirisha hilo huhama kwa aina ya mbegu, kwa unyevu wake, kwa umri wake ghalani, hata kwa kasi ya kutoa dozi, maana gray 20 za dakika moja si sawa na gray 20 za siku nzima. Mbegu bora, iliyokomaa na kutunzwa vizuri, haina cha kuchangamshwa. Iliyo dhaifu kidogo huweza kuonyesha faida. Na ukishatoka maabara ukaingia shambani, tofauti ya asilimia 10 kati ya tuta na tuta ni jambo la kawaida hata pale mbegu zinapotoka mfuko mmoja. Ongezeko la asilimia 10 linalodaiwa kuletwa na mionzi lazima lipite juu ya kelele hiyo, msimu baada ya msimu. Sioni kwamba limeweza kupita kwa uhakika, na ndiyo sababu naamini kulowesha mbegu kwa maji safi kabla ya kupanda, mbinu isiyo na mtambo wowote, inastahili kuwa kundi la kulinganishia katika kila jaribio la dozi ndogo. Mara nyingi haimo.

Pale mabadiliko yanaporithiwa

Mambo hubadilika kabisa tukiingia kwenye uzalishaji wa aina mpya. Mwaka 1927 mwanasayansi wa Marekani Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei hubadili vinasaba vya inzi wa matunda. Mwaka uliofuata Lewis Stadler alichapisha kazi yake ya shayiri na mahindi. Tangu mwaka 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wamekuwa na kitengo cha pamoja cha kazi hii, na orodha yao ina aina zaidi ya 3,000 za mimea zilizopatikana kwa kubadili vinasaba, sehemu kubwa kwa mionzi. Kulikuwa hata na wakati ambapo watu wa kawaida walishiriki: mwishoni mwa miaka ya 1950 Muriel Howorth aliunda chama cha bustani za atomiki huko Uingereza, akiwagawia wanachama mbegu zilizopigwa mionzi wazipande nyumbani na kumwandikia walichokiona. Nalipenda wazo lile la watu wengi kuchungulia matuta yao kwa makini, ingawa bustani moja haina mimea ya kutosha.

Idadi ndiyo siri. Mbegu iliyopigwa mionzi hutoa mmea wa kizazi cha kwanza, unaoitwa M1, ambao ni kama kitambaa cha viraka: kila seli katika ile ncha ya kiinitete ilipigwa kivyake, kwa hiyo tawi moja linaweza kubeba badiliko ambalo tawi jirani halina. Zaidi ya hayo, badiliko likitokea kwenye nakala moja ya jeni, nakala ya pili iliyo nzima huwa inaendelea na kazi, na huoni kitu. Ni katika kizazi cha pili, M2, mmea ukijichavusha wenyewe, nakala mbili mbovu hukutana na sifa ikajitokeza. Hapo mzalishaji hupita mistari ya maelfu ya mimea akitafuta mmoja au miwili. Kwa hiyo kipimo cha vitamini kwenye M1 na kipimo kwenye M2 au M5 (kizazi cha tano) si habari ya jambo moja. Cha kwanza hueleza hali ya mgonjwa anayepona. Cha pili hueleza urithi.

Na mionzi, kwa sehemu kubwa, huvunja. Hukata kipande cha kinasaba, hufuta jeni, huigeuza isisomeke. Si rahisi ijenge jeni mpya ya kutengeneza vitamini. Basi kuvunja kunawezaje kuongeza lishe? Kwa njia mbili.

Moja ni kuvunja kinachozuia mlaji kufaidi. Maharage, soya na nafaka huhifadhi fosforasi yao katika fitati, kitu kinachoshika chuma na zinki tumboni na kuzizuia kufyonzwa. Nchini China, soya yenye fitati pungufu imepatikana kwa kupiga mbegu miale ya gamma. Madini hayakuongezeka, ila yamefunguliwa. Lakini fitati ni akiba ya mche wakati wa kuota, na mbegu zenye fitati kidogo mara nyingi huchomoza kwa udhaifu shambani. Kila kitu unachokiona kizuizi, mmea ulikiweka kwa sababu.

Ya pili ni kuvunja breki. Mfano ninaoupenda kuliko yote haukuletwa na mionzi. Ulizuka wenyewe mwaka 1917 kwenye shamba la kampuni ya Campbell Soup huko Marekani. Ni nyanya iliyokuwa na rangi kali isiyo ya kawaida, na jeni yake ikaitwa hp-1. Miongo mingi baadaye ikajulikana kwamba kilichoharibika ni jeni ya protini iitwayo DDB1, iliyopewa jina lake kwa sababu hushika kinasaba kilichoumizwa na miale ya urujuanimno. Katika nyanya, protini hiyo hushiriki kuzima ishara ya mwanga. Ikilegea, tunda huwa kama linaishi kwenye jua kali muda wote: hujaza likopini (rangi nyekundu ya nyanya), karotini, flavonoidi, na vitamini C zaidi. Hakuna kilichoongezwa. Mguu umetolewa tu kwenye breki. Mtu anayepiga mbegu za nyanya mionzi kwa nia ya lishe anatafuta kitu cha aina hii, breki iliyovunjika mahali panapofaa, kati ya maelfu ya vilivyovunjika mahali pasipofaa.

Lakini mimea ya hp-1 huota polepole. Miche yake ni dhaifu, mingine hufa ikiwa midogo, shina huvunjika kwa urahisi, na mavuno hupungua. Tunda lake ukiliweka mezani linashinda kila jirani kwa rangi, na kwa gramu moja moja linashinda kwenye mashine ya kupimia pia. Kisha unarudi shambani kuhesabu matunda. Wazalishaji wanaotaka jeni za namna hii hulazimika kuzichanganya na nyanya zenye nguvu, kizazi baada ya kizazi, na kila msimu hupima vitu viwili kwa pamoja: likopini iliyo ndani ya tunda, na uzito wa kikapu kilichotoka kwenye mche mmoja.